Kupanga nyumba, kukodi shamba: mkataba wa pwani wa 1888 na maneno yake

Wandugu, tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alifanya mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kwa miaka 50 kampuni ingeshika pwani ya bara upande wa kusini, ikusanye ushuru wa forodha, na itawale kwa jina la Sultani, chini ya bendera yake. Nataka tuusome mkataba huu kama sisi watu wa kilimo tunavyosoma karatasi ya shamba, maana ugomvi uliotoka mle ndani unafanana sana na ule tunaouona hapa Likasi kila mwaka.

Kijerumani kina maneno mawili pale ambapo Kiingereza mara nyingi kinatumia moja. Miete ni kulipa ili utumie kitu: nyumba, chumba, gari. Pacht ni kulipa ili utumie na tena uchume matunda. Tofauti hiyo imeandikwa wazi katika sheria yao ya kiraia iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1900. Mfasiri akiingia Kiingereza anakuta lease, neno linalobeba nyumba na shamba pamoja. Linachouliza kwanza ni nani anashika mahali, na kwa muda gani. Matunda yanangoja kwenye vifungu, kama mfasiri atakumbuka kuyaandika. Kifaransa kilijiokoa: sheria ya Napoléon ya 1804 inatenga bail à loyer ya nyumba na bail à ferme ya mashamba.

Kiswahili je? Kwangu mimi, hapa Kiswahili kinakipita Kiingereza. Nyumba unapanga, shamba unakodi. Zanzibar mtu anakodi mikarafuu: anachuma msimu wake, mti unabaki wa mwenyewe. Hiyo ndiyo Pacht kabisa. Sisi huku Katanga tumechanganya, tunasema tu "niko nalipia nyumba", "niko nalipia shamba", kama vile ni kitu kimoja.

Sasa turudi pwani. Watu wa kule walijua kukodi kabla Mjerumani hajafika. Kwa miaka mingi forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa wafanyabiashara Wahindi, kwanza nyumba ya Jairam Shivji, baadaye Taria Topan. Mkodi alimlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru, na kilichozidi kikawa chake. Ushuru ulikuwa ndiyo matunda. Hakuna mtu aliyefikiri Jairam amekuwa mwenye Bagamoyo.

Kampuni ilipokuja mwezi wa Agosti 1888 haikuishia kwenye matunda. Ilipandisha bendera yake pembeni ya ile ya Sultani, ikataka wenye mashamba waandikishe hati zao, ikaanza kuamuru maliwali. Pangani ilikasirika, na Abushiri bin Salim, mwenye mashamba ya miwa, akaongoza vita. Bwana Heri akashika upande wa Saadani. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Wissmann na askari, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4 na pwani ikawa yake moja kwa moja. Aliyekodi matunda akaondoka na mti. Vitabu vya Kijerumani vinauita ule mpango Pacht. Vya Kiingereza vinasema lease au concession. Ukisoma Kiingereza peke yake huwezi kuona vizuri kwamba swali lote lilikuwa hili: mkodi amepewa kuchuma nini, na mwisho wake uko wapi?

Mtu atasema pwani ni mbali na sisi. Si mbali hivyo. Watu wa Msiri walitoka upande wa Unyamwezi, pembe na shaba za Bunkeya zilikuwa zinashuka kwenda pwani, na safari ya Stairs, ambayo Msiri aliuawa mikononi mwake mwezi wa Desemba 1891, ilianzia pwani ileile. Tena mwaka uleule 1888, tarehe 30 Julai, Dola Huru ya Kongo ilitoa amri juu ya mikataba. Mahakama zetu zinaitumia mpaka leo.

Sheria yetu ya 2015 juu ya kodi inahusu baux à loyer, ni kusema majengo. Inaweka garanti ya nyumba isizidi miezi 3. (Ujerumani nao ni miezi 3, lakini kule pesa inawekwa kando na inazaa riba. Huku, mwulize mwenye nyumba garanti yako iko wapi.) Ya shamba haisemi kitu. Na udongo wenyewe, tangu sheria ya 1973, ni wa Serikali. Kwa hiyo kijana anayelipia hekta mbili nje ya mji anakodi kwa mtu ambaye naye amepewa haki tu, kwa karatasi iliyonakiliwa kwenye mkataba wa nyumba. Inaandikwa: kuanzia 1 Januari mpaka 31 Desemba. Nani alipanda mahindi hapa Likasi akayavuna Desemba? Mvua inaanza kukolea Novemba, tunapanda, na tarehe 31 Desemba mahindi yako kwenye magoti. Mwenye shamba akisema toka, karatasi iko upande wake.

Sheria ya Ujerumani imeona jambo hilo: Pacht ikikatika kabla mwaka wa shamba haujaisha, mwenye ardhi anamlipa mkodi thamani ya mazao ambayo hayajavunwa. Waingereza nao wana kanuni ya kale inayomruhusu mkodi aliyekatwa ghafula arudi kuvuna alichopanda. Lakini kanuni zile haziko ndani ya neno lease, na mtu akichukua mfano wao akautia Kifaransa cha haraka, hazivuki.

Wenzetu wanne wanaolima pamoja wamebadilisha karatasi yao msimu huu. Mwaka wao unaanza 1 Oktoba na kuisha 30 Septemba. Kifungu cha tatu kinasema mahindi ni ya aliyepanda mpaka gunia la mwisho litoke. Cha nne kinasema maembe ya miti iliyokuwepo ni ya mwenye shamba. Mzee amekubali cha nne mara moja. Cha tatu bado anakisoma.