Akaunti ya Biashara Imetoka Wapi, na Ni ya Nani?

Wasee, ushauri siku hizi ni mmoja tu. Unauza mitumba Ntimaru? Fungua akaunti ya biashara. Unashona sare za shule pale Kegonga? Fungua akaunti. Na si ushauri mbaya, maana kufungua ni bure na inachukua dakika chache. Shida ni kwamba hakuna mtu anakwambia hiyo kitu imetoka wapi. Mimi naona ukijua historia yake, utajua pia ni nini ushike kwa mikono miwili na ni nini usikitegemee sana.

Biashara ilikuwa na jina kabla ya kuwa na simu. Huku Kuria, muuza ndizi au mahindi alijulikana kwa uso wake, sauti yake na mahali anakaa siku ya soko. "Nenda kwa yule mama wa kona, hakuibii kipimo." Hilo lilikuwa tangazo tosha. Uzuri wake, hakuna mtu angeamka asubuhi amfungie mama jina lake. Ubaya wake, hilo jina halikufika mbali. Mnunuzi wa Migori mjini au Rongo hakujua kama huyo mama yupo duniani.

Halafu simu zikaja. Kuanzia mwaka 2000, Safaricom na Kencell, ambayo leo ni Airtel, zilianza kugombania wateja, na pole pole nambari zikaanza kupakwa rangi kwenye kuta na milango ya maduka. Machi 2007 Safaricom ikaleta M-Pesa. Hapo nambari ikaacha kuwa ya kupiga tu. Ikawa pia mahali pa kupokea pesa, na mwaka 2013 Lipa na M-Pesa ikaongeza hiyo nguvu dukani. Kwa hivyo wacha niseme wazi: akaunti ya kwanza ya biashara kwa muuzaji mdogo wa Kenya haikuwa Facebook. Ilikuwa nambari ya simu.

Facebook nayo ilileta kurasa za biashara Novemba 2007, mwaka ule ule wa M-Pesa. Lakini huku zilichelewa kutufikia. Nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009. Mwaka 2011 Safaricom ikaanza kuuza simu ya Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000, na mtu wa kawaida akaanza kuona uwezekano wa kuwa na simu ya Android. Ndiyo watu wakaanza kuposti viatu, keki na kuku.

Siku hizo za mwanzo zilikuwa tamu. Ukiposti, wafuasi wako wengi wanaona, na hulipi kitu. Lakini kufikia 2014 Facebook wenyewe walikubali kwamba posti za kurasa zinafikia watu wachache kuliko zamani. Januari 2018 Mark Zuckerberg akatangaza kwamba posti za marafiki na familia ndizo zitatangulia, na za biashara zitapungua. Mwezi huo huo WhatsApp Business ikazinduliwa katika nchi chache, kisha ikaenea kwingine. WhatsApp tayari ilikuwa mali ya Facebook, iliyoinunua mwaka 2014. Unaona? Mlango mmoja unafungwa kidogo, mwingine unafunguliwa, na mwenye nyumba ni yule yule.

Hiyo ndiyo hali ya akaunti ya biashara. Ni kibanda kwenye soko la mtu mwingine. Unaweza kukipamba upendavyo, lakini siku ya kupanga upya soko hautaulizwa.

Na si mwenye soko peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa karibu saa sita. Uganda, serikali ilifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na iliendelea kufungwa kwa miaka. Hapa jirani kabisa, Tanzania intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Sasa fikiria una duka Ntimaru na wateja wako wengine wako Sirari na Tarime, na maagizo yao yote yanakuja kwa ukurasa.

Lakini kitu kinanisumbua zaidi hakiko kwa Zuckerberg wala kwa serikali. Kiko kwetu sisi vijana. Mama ana duka, simu yake ni kabambe. Anaomba kijana wa mtaa amfungulie akaunti. Kijana anatumia laini yake, imeili yake na pasiwadi yake. Miaka miwili baadaye kijana ameenda chuo Nairobi, amebadilisha laini, na ile ya zamani imekaa bila kutumika mpaka nambari ikapewa mtu mwingine. Ukurasa una wafuasi, picha na sifa za wateja, na mama hawezi kuingia. Jina alilojenga kwa miaka sokoni sasa liko mikononi mwa mtu hamjui. Yule mama wa kona wa zamani hangeweza kupoteza jina lake namna hiyo.

Kwa hivyo ukiitwa kumfungulia mtu akaunti, fanya hivi. Tumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwenye biashara, na ikiwezekana iwe ile ile anayopokelea pesa. Ukurasa wa Facebook huendeshwa kupitia akaunti ya mtu, kwa hivyo hakikisha mwenye biashara ni msimamizi mwenye mamlaka yote, wewe uwe msaidizi tu. Weka ile PIN ya tarakimu sita ya WhatsApp, umwandikie kwenye karatasi, na umweleze asimpe mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwa kampuni.

Andika bei pia. Hii mambo ya "bei inbox" sokoni ingekufukuzia wateja.

Halafu nunua daftari la shilingi hamsini. Kila mteja anayekubali, andika jina, nambari na kitu alichonunua. Nasema anayekubali kwa sababu tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na hata bila sheria, kumwingiza mtu kwa grupu bila kumuuliza ni kukosa adabu. Siku ukurasa ukipotea, hilo daftari na ile laini vitakuwezesha kupigia wateja wako mmoja mmoja na kuendelea kuuza.

Sisemi msifungue akaunti. Fungueni, na muwafungulie wazazi wenu, maana mteja wa Migori siku hizi anatafuta kwa simu kabla ya kupanda matatu. Lakini ukimaliza kufungua, mpe mwenyewe funguo. Kama kuna ukurasa wa duka la mtu bado uko kwa simu yako, mrudishie wiki hii.