Saa Isiyotiwa Ufunguo na Mafuta Yake

Wazee wetu wengi hapa kambini walikimbia na saa za mkono zisizo na betri wala hazitiwi ufunguo. Mkono ukitembea, saa inajijaza yenyewe. Ikisimama, watoto wanaiuza kwa bei ya kutupa. Nawaambia wangoje kwanza.

Saa hizi zilianza Uswisi. Abraham-Louis Perrelet wa Le Locle ndiye anayetajwa sana, miaka ya 1770. Zilikuwa za mfukoni, na mfukoni saa haichezi vya kutosha, basi hazikuenea. Ya mkononi aliileta Mwingereza John Harwood, aliyepata hataza Uswisi mwaka 1924. Hakuweka hata kile kifundo cha ubavuni, maana vumbi lilipenyea hapo. (Angeona vumbi letu la kiangazi!) Ndani chuma kizito kiligonga springi huku na huku. Mwaka 1931 Rolex wakatoa chuma kinachozunguka duara zima, na 1948 Eterna wakakikalisha juu ya gololi tano ndogo ili kisisuguane.

Msuguano, ndio adui wa miaka yote hiyo. Karne ya 19 kule New Bedford, Marekani, William Nye aliuza mafuta ya saa yaliyotoka kwenye taya za pomboo. Leo yanatengenezwa viwandani.

Sasa watu wanadhani mafuta mengi ndiyo uzima. Hapana! Vigurudumu vinavyopokea mzunguko wa kile chuma, ukivimwagia mafuta vinanata, chuma kinazunguka bure, saa haijai. Vinataka utando tu. Kamani ni kesi nyingine kabisa. Ncha yake ya nje haikufungwa, inabana ukuta wa kopo lake, na ikijaa inateleza ili isikatike. Pale panatakiwa grisi nzito inayoshika kwanza ndipo iachie. Ukipaka laini, kamani inateleza mapema na saa inasimama usiku.

Fundi akidondoshea mafuta ya cherehani kwa juu, saa itatembea wiki kadhaa, mzee atafurahi, kisha mafuta yatasambaa na kukusanya vumbi. Muulize kwanza: utaifungua yote na kuosha mafuta ya zamani?

Tena mzee akilala mgonjwa siku mbili, mkono hauchezi, saa lazima isimame. Haijafa hiyo. Mwombe uivae wewe mpaka jioni kabla hujaita mnunuzi.