Ganzi au nusukaputi kwa mzee anayepasuliwa jicho

Upasuaji wa mtoto wa jicho, unaofanywa pia katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa kawaida huhitaji ganzi ya jicho tu, na mgonjwa huweza kurejea nyumbani siku hiyo hiyo. Ganzi hiyo ilianza mwaka 1884, Carl Koller alipotumia kokeini mjini Vienna.

Kwa mzee, nusukaputi huweza kushusha shinikizo la damu na kumwacha amechanganyikiwa kwa saa au hata siku kadhaa. Hata hivyo, huenda ikahitajika iwapo hawezi kulala tuli, kwa mfano kwa kutetemeka au kupotewa na kumbukumbu.

Umri peke yake hauamui. Jamaa wanapaswa kumweleza mtaalamu wa usingizi maradhi ya mzee na dawa zote anazotumia, zikiwamo za mitishamba.