Kadi ya Kienyeji

Tarehe 5 Machi 1975, kwenye gereji ya Gordon French mjini Menlo Park, California, walikutana watu waliokuwa na hamu ya kuunda kompyuta kwa mikono yao wenyewe. Kundi lao likaja kujulikana kama Homebrew Computer Club. Ukilitafsiri jina hilo kuwa "Klabu ya Kompyuta za Nyumbani" hujakosea sana, ila umemwaga utamu wote, maana homebrew ni pombe ya kupika nyumbani. Haina lebo wala kiwanda, na ladha yake hutegemea mkono wa mpishi. Mafundi redio wa Marekani walikuwa wameshalidaka neno hilo zamani kwa mitambo waliyojitengenezea.

Sisi tunalo la kwetu, tena lipo sokoni kila siku: kienyeji. Kuku wa kienyeji, pombe ya kienyeji, dawa ya kienyeji. Kuna wakati lilikuwa na harufu ya dharau, lakini hebu leo muulize muuza kuku wa Dar es Salaam bei ya wa kienyeji na ya wa kisasa, kisha uniambie nani anamdharau nani. Kwa hiyo kadi ambayo mtu ameichora mezani kwake, akapanga chipu mojamoja na kuilehemu mwenyewe ili aichomeke ndani ya kompyuta ya Apple II, mimi naiita kadi ya kienyeji. "Kadi ya upanuzi iliyotengenezwa nyumbani" waachieni wanaolipwa kwa idadi ya maneno. Hata huo upanuzi sijauelewa vizuri. Hupanuliwa barabara, hupanuliwa bandari. Kompyuta iliyotiwa kadi inabaki na upana wake uleule, imeongezewa uwezo tu. Kadi ya nyongeza inatosha.

Msimamo wangu katika mambo haya ni kwamba jina la kitu unaweza kulikopa bila aibu, lakini kitendo usikikope. Kadi, chipu, pini, soketi, saketi, hayo yameingia na kukaa, na hakuna aliyeumia. Kwenye vitenzi ndiko tulikojaliwa, na ndiko watunga istilahi wetu wanakopita mbio wakikimbilia kubuni nomino. Wakenya walipata tarakilishi, wengine wakajaribu ngamizi, na mjadala wa jina la mashine umekula miaka. Wakati huohuo hakuna aliyekaa kujiuliza mtu anafanya nini hasa anapoifungua mashine hiyo na kuigusa ndani.

Tuanze na sloti. Apple II ilipotoka mwaka 1977 ilikuwa nazo nane, zilizohesabiwa kuanzia 0 hadi 7, kila moja na viguso 50: 25 upande huu, 25 upande ule. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alitaka ziwe mbili tu, moja ya printa na nyingine ya modemu. Mwenzake Steve Wozniak, aliyeibuni, akakataa kata kata, na historia ya mashine hiyo ikawa historia ya vitu ambavyo watu walivipachika kwenye zile nane. Nimeona sloti ikiitwa mpenyo, tundu, nafasi, hata kipenyo, ambacho mwanafunzi wa hisabati atakidai arudishiwe. Mimi nasema sloti na roho yangu imetulia, kwa sababu kazi yote inafanywa na chomeka. Kadi unaichomeka, kadi unaichomoa. Ukibadili mawazo unaichomoa hapa unaichomeka pale. Tatizo liko kwenye ndugu na watoto wa kitenzi hicho: kichomeo kinanukia moto na jalala, na kuchomekea tumeshakupa shati la mtu anayekwenda kwenye usaili. Ndiyo maana nimemwacha mzazi afanye kazi mwenyewe.

Ubao unaobeba sloti hizo huitwa kila mahali kwa jina la mama, na hapa sina ugomvi. Tuna sheria mama, tuna kampuni mama. Ubao mama umeingia kwenye ukoo bila kubisha hodi. Bodi siitaki, kwa kuwa ina mishahara, posho na mwenyekiti.

Sasa kadi yenyewe. Anayeanza hununua kadi tupu: kipande cha fiba chenye mamia ya matundu yaliyoachana milimita 2.54 kila upande, ambayo ndiyo nafasi kati ya mguu na mguu wa chipu za enzi hizo. Kwenye ukingo mmoja kuna safu ya meno ya shaba, aghalabu yamepakwa dhahabu, ndiyo yanayoingia kwenye sloti. Hakuna kingine. Kiingereza huita kipande hicho na kadi iliyokwisha kujengwa juu yake kwa shina lilelile la prototype, na wanaotafsiri hukimbilia kielelezo, ambacho kwa msomaji wa magazeti ni kisu kilicholetwa mahakamani, au kiolezo, ambacho ni kitu cha kunakiliwa. Mnyambuliko wa kutendea unamaliza shauri hili kwa silabi moja. Kipande kitupu ni kadi ya kujaribia. Kile kilichojengwa, chenye nyaya za rangi nne zilizopishana mgongoni, ni kadi ya jaribio. Kimoja ni cha kufanyia, kingine ndicho kilichofanywa, na mnunuzi dukani hawezi kuvichanganya.

Kulehemu kumetoka Uarabuni, najua, na kanuni yangu inaonekana kutoboka. Lakini kipimo changu cha kitenzi kilichopata uraia ni kuzaa. Tunasema chuma cha kulehemia, mguu haulehemiki kwa sababu una kutu, viungo vimelehemishwa kwa pupa. Atakayenitajia kitenzi cha kompyuta kilichoingia juzi kikazaa hivyo, nitakipokea. Na ule uzi unaoyeyuka, vitabu huuita lehemu vilevile. Mafundi redio huuita risasi, na wana haki, maana wa zamani ulikuwa na risasi ndani pamoja na bati.

Chukua kadi rahisi kuliko zote, ya kuwasha taa nane. Inahitaji chipu moja ya 74LS374, taa ndogo nane na vizuizi vinane. Kila sloti ya Apple II imetengewa anwani 16 zake peke yake. Za sloti ya 4 zinaanzia 49344. Ubao mama wenyewe ndio unaokagua anwani, na ikitajwa mojawapo ya hizo 16, waya mmoja unaokwenda kwenye pini ya 41 ya sloti hiyo hushuka kutoka hali ya juu hadi karibu na volti sifuri. Waya unapopanda tena, chipu inanasa chochote kilichokuwa kwenye nyaya nane za data na kukishikilia. Wahandisi wa Kiingereza walilitoa jina la kazi hii ya kunasa, latch, mlangoni, nasi tunaweza kwenda mlango huohuo na kurudi na komeo.

Amri ya kuiendesha, kwa lugha ya Besiki, ni POKE 49344,170. Taa zitawaka moja na kuruka moja, kwa kuwa 170 ikiandikwa kwa moja na sifuri ni 10101010. Mwenzake POKE ni PEEK, na sijui ni bahati gani, lakini Kiswahili kilikuwa kimewaandalia viti: chungulia na chokonoa. Unachungulia anwani kuona kuna nini. Unaichokonoa kubadili kilichomo. Hakuna kamati iliyokaa. Mtoto wa darasa la tatu aliyewahi kushika kijiti mbele ya kichuguu anaijua tofauti.

Neno lililonisumbua kuliko yote ni basi. Kwa Kilatini omnibus ni "kwa wote"; mafundi umeme waliuita hivyo mtaimbo wa shaba unaogawa umeme kwa kila anayeuhitaji, kisha wahandisi wa kompyuta wakarithi mkia wa neno. Sisi tumeurithi mkia wa mkia, na msomaji anayekutana na "basi la data" anaona abiria, konda na mizigo kwenye keria. Picha hiyo inampotosha, kwa sababu ndani ya mashine hakuna anayepanda wala kushuka kituoni. Prosesa, ambayo katika Apple II ni 6502, inatamka anwani kwenye nyaya 16, na kila kilichounganishwa nazo kinaisikia kwa wakati mmoja. Aliyetajwa anaitika, wengine wanaendelea na yao. Hiyo ni mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia, kijiji kizima husikia, anayehusika ndiye anayeinuka. Hapa inalia karibu mara milioni moja kwa sekunde, lakini desturi ni ileile, na maana ya "kwa wote" iliyopotea njiani inarudi. Nasema mbiu ya anwani. Nyaya za data, ambazo husafirisha data yenyewe kwenda na kurudi, naziacha ziitwe nyaya za data.

Ukiikubali mbiu utapata jambo la pili bure. Kadi ya taa husikiliza tu. Ukitaka kadi inayojibu, tuseme inayosoma hali ya swichi nane, unaweka 74LS244 kati ya swichi na nyaya za data. Chipu hii ina hali tatu: juu, chini, na ya tatu ambayo vitabu huieleza kwa mzunguko mrefu wa maneno kuhusu ukinzani mkubwa. Hali ya tatu ni kunyamaza. Kadi isiyoitwa inanyamaza, haisemi moja wala sifuri, ili aliyeitwa asikike. Kadi ya kienyeji inayokorofisha mashine nzima mara nyingi ni ile isiyonyamaza: wawili wanasema pamoja, mmoja anavuta waya juu na mwingine chini, na chipu zinapata joto ambalo unalihisi kwa kidole. Mwanafunzi ukimwambia "hakikisha kadi yako inanyamaza" ameelewa kabla hujachora mchoro.

Kuna neno moja ambalo tumeliharibu wenyewe. Kudukua kulikuwa kuchunguza mambo ya watu kwa siri. Sasa udukuzi ni kosa la jinai, na mdukuzi ni mwizi wa akaunti. Sawa. Lakini huko California neno walilojiitia wajenzi wa kadi, hacker, lilikuwa sifa kabla halijawa tusi, na sisi tumelichukua lilipokwisha kuchafuka. Kwa aliye na bisibisi mkononi na kifuniko cha mashine mezani naona mchokonozi anafaa. Bibi anapolitumia kwa mjukuu aliyefungua redio, nusu yake ni lawama na nusu ni fahari.

Mambo yakiharibika, istilahi za karakana zinatosha na kubaki. Imepiga shoti. Imeungua. Haishiki. Ukichomoa kadi mashine ikiwa imewashwa unaweza kuua chipu, ndiyo maana ndani ya Apple IIe kuna taa ndogo nyekundu juu ya ubao mama, inayokuambia umeme bado upo. Kompyuta ya ZX81 ya kampuni ya Sinclair, iliyotoka Uingereza mwaka 1981 na kumbukumbu ya kilobaiti 1 tu, haikuwa hata na sloti ya ndani. Nyongeza ya kilobaiti 16 ilining'inizwa mgongoni kwenye meno ya ubao, na ukibonyeza kitufe kwa nguvu ilitikisika na kufuta kazi yote. Waingereza waliupa ugonjwa huo jina lake maalumu na kuutibu kwa ulimbo wa kubandikia mabango. Fundi wa kwetu angeitikisa mara moja, akasema inacheza, na kuanza kutafuta kipande cha kadibodi cha kuikazia.