Karo Imelipwa, Nyumba Je?

Mwaka wa 1962 kijana mmoja kutoka Nyanza alimaliza digrii ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Aliifanya kwa miaka mitatu badala ya minne, na akaingizwa katika Phi Beta Kappa, jumuiya ya wanafunzi wanaong'ara zaidi Marekani. Nafasi mbili za kuendelea na masomo zikamjia. New School ya New York ilimpa karo pamoja na pesa za kutosha kuishi yeye, mke na mtoto. Harvard ilimpa karo peke yake. Akachagua Harvard.

Jina lake lilikuwa Barack Obama. Yule mtoto alikuwa hajafikisha hata mwaka mmoja, naye aliitwa Barack Obama pia, huyo unamjua. Habari za zile nafasi mbili tunazipata katika kitabu chake cha 1995, Dreams from My Father, akieleza jinsi mamake alivyomsimulia.

Ukiwapa watu kisa hiki, wengi watakuambia, "Si ni Harvard? Nani angekataa?" Na swali lao lina maana, nitalirudia. Lakini mimi nimekaa na lile neno moja, "karo", kwa muda sasa. Karo ni bili moja. Kuna nyumba, kuna chakula, kuna koti la baridi, kuna watu uliowaacha nyumbani. Kila ninaposoma historia ya Wakenya waliosaka shahada za juu ng'ambo, naona ubishi ni uleule: nani analipa, analipa nini hasa, na kwa muda gani.

Labda utajiuliza nahusikaje. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, digrii ya kwanza sina, ya pili usiniulize. Lakini kazi mojawapo inayonilipia kodi ni kuhariri insha za watu wanaoomba kusoma uzamili nje. Wananitumia usiku, wanataka asubuhi. Nimesoma nyingi, na karibu zote zina wasiwasi mmoja: nitakubaliwa? Swali la "nikikubaliwa nitakula nini" huja baadaye, mara nyingi kwa simu, na sauti ikiwa chini. Ndiyo maana nikaanza kusoma waliotangulia walikula nini.

Tuanze na Jomo Kenyatta. Alirudi Uingereza 1931, akiwa ametumwa na Kikuyu Central Association kupeleka malalamiko ya ardhi, na akakaa miaka kumi na mitano. Kufikia 1935 alikuwa akihudhuria semina za Profesa Bronislaw Malinowski katika London School of Economics. Hebu fikiria: mtu wa makamo, hana digrii ya kwanza, ameketi na watafiti wa anthropolojia. Pesa zake zilitoka huku na kule. Aliwasaidia wataalamu wa fonetiki wa University College London kuchunguza sauti za Kikuyu. Alionekana kama mwigizaji wa ziada katika filamu ya Sanders of the River, ile ya Paul Robeson. Malinowski ndiye aliyemsaidia kupata ufadhili wa International African Institute.

Na kila mlipaji alikuwa na lake. Chama nyumbani kilitaka ardhi izungumziwe. Profesa alitaka Mwafrika atakayeichunguza jamii yake mwenyewe kwa mbinu za kisayansi. Kenyatta aliandika tasnifu iliyowapa wote wawili kitu: maelezo ya ukoo, ndoa na tohara, na ndani yake hoja nzito kwamba ardhi ya Wagikuyu ilikuwa na wenyewe kabla Mzungu hajafika. Ikachapishwa 1938 kama Facing Mount Kenya, Malinowski akaiandikia utangulizi. Si kila anayekula pesa za watu wawili humaliza akiwa ameelewana nao hivyo.

Kwa nini wote walilazimika kwenda mbali? Manake hapa hapakuwa na mahali. Chuo cha Makerere kilianza kutoa digrii za Chuo Kikuu cha London baada ya 1949. Royal Technical College ya Nairobi ilifungua milango 1956, na Chuo Kikuu cha Nairobi chenye uhuru wake hakikupatikana hadi 1970. Peter Mbiyu Koinange alipoondoka 1927 kwenda Marekani, alianzia Hampton, akapita Ohio Wesleyan, akaishia Columbia alikochukua shahada ya uzamili. Aliporudi 1938 alikuwa kiumbe adimu. Julius Gikonyo Kiano naye alirudi 1956 na uzamifu wa Berkeley, na anatajwa kuwa Mkenya wa kwanza kupata shahada hiyo. Hesabu hiyo tu: Mkenya wa kwanza mwenye uzamifu, miaka saba kabla ya uhuru.

Kiano huyo ndiye aliyesimama na Tom Mboya katika mpango ambao kizazi cha babu zetu hawakuusahau. Septemba 1959 ndege ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81. Karo zilitoka kwa vyuo vya Marekani, kimoja baada ya kingine, Mboya akizunguka kuviomba. Nauli ilitoka kwa michango ya Wamarekani; Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson waliweka majina yao kwenye barua ya kuomba. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia 1963 wanafunzi wapatao 800 kutoka Afrika Mashariki walikuwa wamevuka.

Pesa za mfukoni, hizo zilitoka kijijini. Watu walichanga, ng'ombe wakauzwa. Mwanafunzi aliondoka akiwa na deni lisiloandikwa popote, kwa hivyo halikuweza kulipwa likaisha. Ukitaka kuelewa kwa nini mpaka leo jamaa akipata nafasi ng'ambo kikundi cha WhatsApp kinaundwa kabla hajamaliza kusoma barua, anzia hapo. M-Pesa imebadilisha tu njia ya kupitishia pesa.

Obama hakupanda ile ndege. Alikuwa karani Nairobi, hakumaliza Maseno, na aliyemfungulia njia alikuwa Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyesimamia mradi wa kufundisha watu wazima kusoma, ambaye alimsaidia kwa pesa zake. Alikwenda Hawaii 1959 akimwacha nyumbani mke, Kezia, mwenye mtoto mmoja na mimba. Huko akamwoa Ann Dunham Februari 1961. Kufikia 1962 ndoa hiyo nayo ilikuwa inachechemea, manake Ann alikuwa amekwenda na mtoto Seattle kusoma. Kwa hivyo sisemi Harvard ndiyo iliyovunja nyumba. Nyufa zilikuwepo. Nasema tu ilipofika siku ya kuchagua kati ya barua iliyowahesabu watu watatu na iliyomhesabu mmoja, ya mmoja ndiyo iliyoshinda.

Sasa lile swali: nani angekataa? Tumtendee haki. Kenya ilikuwa inakaribia uhuru. Ofisi zote kubwa zilikuwa zinaachwa na Wazungu na kutafuta Waafrika wenye vyeti. Jina la Harvard kwenye meza ya waajiri Nairobi mwaka wa 1964 lingefungua mlango ambao New School isingeufungua, hata kama masomo yalikuwa mazuri kiasi gani. Huo haukuwa ujinga wala majivuno matupu. Ilikuwa hesabu. Shida ya hesabu hiyo ni kwamba safu ya gharama ilikuwa na mistari ambayo wengine ndio walioilipa: Ann alirudi Honolulu kwa wazazi wake, na Kezia alikuwa Kenya na watoto.

Na hata Harvard yenyewe haikufika mwisho. Kufikia 1964 alikuwa amemaliza masomo ya darasani na mitihani, imebaki tasnifu ya uzamifu. Chuo kikamwambia hakina pesa za kumsaidia zaidi, aende akaandikie nyumbani. Nyaraka za uhamiaji za Marekani, zilizofunguliwa miongo kadhaa baadaye, zinaonyesha kwamba maofisa wa huko na wa chuo walikuwa wamejadili pia mambo yake ya wanawake. Viza haikuongezwa. Alirudi Kenya, na 1965 akapewa shahada ya uzamili. Tasnifu hakuimaliza. Julai mwaka huohuo alichapisha katika East Africa Journal makala ya kuikosoa Sessional Paper namba 10, sera ya uchumi ya serikali changa, akiuliza ni vipi utajiri utagawanywa. Ukiisoma utajua kwamba kichwa hakikuwa tatizo. Kilichoisha ni pesa na ruhusa.

Mweke kando yake Wangari Muta, ambaye baadaye tulimjua kama Wangari Maathai. Aliondoka 1960 na wimbi la Kennedy, akasoma Mount St. Scholastica, chuo cha masista katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Mtu wa Nyeri hakuwa amewahi kukisikia. Alipomaliza 1964 alikwenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kusoma uzamili wa biolojia, ufadhili ukitoka kwa Africa-America Institute. Alimaliza, akarudi 1966.

Usidhani mambo yalinyooka. Alifika Chuo cha Nairobi akakuta kazi aliyoahidiwa kwa barua amepewa mtu mwingine. Akapata nyingine kwa Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo. Uzamifu aliufanya akiwa kazini, na kipindi cha utafiti Ujerumani, Giessen na Munich. Aliupata 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, na cheti kiliandikwa Nairobi. Ukiangalia safari yote, hakuna chuo hata kimoja ambacho mjomba angekitaja kwenye harusi ili watu wageuze shingo. Lakini alikuwa na mshahara alipokuwa akiuandika uzamifu wake. Hilo ndilo Obama hakuwa nalo.

Sitaki kufanya kama kwamba hii ni hadithi ya sungura na kobe. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds 1964 kwa ufadhili wa British Council kusoma uzamili, na hakuumaliza. Alikuwa anaandika A Grain of Wheat. Riwaya ikatoka 1967, naye akaajiriwa kufundisha Nairobi bila ile shahada. Wako wanaonitajia kisa hiki kunifariji. Huwa nawaambia Ngũgĩ alikuwa amelipiwa chumba na chakula miaka yote hiyo. Ufadhili ulifanya kazi yake, hata kama karatasi iliyotoka haikuwa iliyotarajiwa.

Mapema mwaka huu mteja wangu mmoja, mwalimu wa sekondari, alinipigia. Amekubaliwa kwingine kuwili. Chuo kimoja cha London, jina zito, mwaka mmoja, senti hawatoi. Kingine ni cha mji mdogo Marekani, miaka miwili, karo inafutwa, na atalipwa kila mwezi kwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Familia imeshika London. Mjomba wake ameshachagua mwenyekiti wa harambee.

"Sasa wewe unaonaje?" akaniuliza.

"Mwalimu, mimi nahariri tu."

"Najua. Ndio nakuuliza wewe, hao wengine wote wanataka kupiga picha airport."

Nikamwambia ninachojua. Kwamba viza ya mwanafunzi ya Uingereza inataka pesa za karo na za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo, kwa hivyo za kuazimwa wiki moja hazisaidii, na ahadi za harambee hazihesabiki. Kwamba hata ufadhili kamili una masharti: Chevening, ambao Waingereza waliuanzisha 1983, humlipia mtu kila kitu kisha humtaka arudi kwao kwa miaka miwili. Kwamba aulize ule mji mdogo chumba ni pesa ngapi, bima ya afya nani analipa, na yale malipo ya kila mwezi ni ya miaka yote miwili au wa kwanza tu. Aulize kwa maandishi. Obama angeulizwa swali hilo la mwisho 1962, sijui angelijibu vipi.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama huo mji una Wakenya. Nikamwambia sijui, lakini Atchison haikuwa nao pia.

Vyuo vingi vya Marekani vinavyotoa ufadhili wa aina hiyo humpa mtu hadi tarehe 15 Aprili kujibu. Mwalimu ana wiki mbili. Mamake bado hajaambiwa kwamba kuna barua ya pili.