Ndugu wakipigana: baraza ya wazee na tribinali ya serikali

Wazee wetu walisema: wagombanao ndio wapatanao. Neno hilo ni la kweli, lakini halituambii ni nani atawapatanisha, wala nani atalipa mkono uliovunjika. Katika vijiji vyetu vya Kivu, ugomvi wa watoto wa baba mmoja huanza mara nyingi kisha matanga. Marehemu ameacha shamba na migomba, pengine na lupango mjini. Mmoja anasogeza mpaka, mwingine anakuja kuuliza. Maneno yanakwisha, mpini wa jembe unaanza kusema. Jioni ile ile jamaa nzima inagawanyika: wengine wanataka kwenda kwa wazee, wengine kwa polisi. Je, njia hizi mbili zilitoka wapi, na kila moja inaponya kitu gani?

Zamani, mbele ya kuja kwa serikali ya kizungu, kupiga ndugu hakukuwa jambo la watu wawili tu. Mtu alikuwa mtoto wa ukoo, na kosa lake lilikuwa deni la ukoo. Wazee waliketi, wakasikiliza mmoja mmoja, wakaita wajomba pia, kwa kuwa upande wa mama hausahauliwi. Kwa Balega, wakubwa wa Bwami walikuwa na sauti kubwa katika kutuliza ugomvi, kwani cheo chao kilidai tabia njema na ulimi wa kiasi. Katika baraza hawakuuliza kwanza: “Nani alipiga?” Waliuliza: “Ni kitu gani kilichoharibika kati yenu?” Mwenye kosa alitoa mbuzi ao kuku, pombe ikaletwa, wote wakala pamoja. Kula pamoja kulikuwa ndiyo hukumu yenyewe: ukiisha kula na ndugu yako mbele ya watu, huwezi kumungojea njiani na fimbo.

Wabelgiji walileta hesabu nyingine. Kwa dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 walipanga matribinali ya wenyeji: shefu alihukumu kwa desturi, lakini chini ya macho ya mtawala mzungu. Faini iliandikwa katika kitabu na kuingia katika kasha, haikuliwa tena na waliogombana. Mwaka 1948 Bwami ikakatazwa. Na dekreti ya tarehe 30 Januari 1940 ilikuwa imekwisha leta kitabu cha sheria ya makosa ambacho, pamoja na mabadiliko mengi, ndicho kinachotumika hata leo.

Tusome kitabu hicho, kwani wengi wanakiogopa bila kukijua. Kifungu cha 46 kinasema anayepiga ao kujeruhi kwa kusudi anaweza kufungwa siku 8 hadi miezi 6, ao kulipa faini, ao vyote viwili. Akiwa amepanga mbele, ni mwezi 1 hadi miaka 2. Kifungu cha 47: kama mapigo yameleta ugonjwa, ao yamemuzuiza mtu kufanya kazi, ao yamemupotezea kiungo, ni miaka 2 hadi 5. Kifungu cha 48: kama mtu amekufa ijapokuwa mpigaji hakutaka kuua, ni miaka 5 hadi 20. Vifungu hivi havitaji undugu. Mkono wa mkulima uliovunjika wakati wa kulima ni kifungu cha 47, hata kama aliyeuvunja alinyonya ziwa moja naye.

Hapo ndipo jamaa nyingi zinashangaa. Mtu anaenda kushitaki mudogo wake kwa hasira, kisha juma mbili mama analia, naye anarudi parke: “Mukubwa, ninaondoa mashitaka, ule ni damu yangu.” Lakini kosa likiisha fika mikononi mwa parke, si mali yake peke yake tena. Kusamehe kunaweza kupunguza azabu, hakuzimi mashitaka. Aliyeumizwa anaweza kusamehe malipo yake, hawezi kusamehe kwa jina la serikali.

Jambo la pili: kwa sheria, kosa ni la mtu mmoja. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inakataza kumukamata mtu juu ya kosa la mwingine. Basi, kijana akikimbia, kumufunga baba yake ao kaka yake mpaka arudi ni kuvunja Katiba, hata kama wengine wanasema ni desturi. Desturi ilikuwa kumuomba baba mbuzi, si kumulalisha baba katika buloko.

Lakini tusisifu tribinali kupita kiasi. Juge wa makosa anapima mkono. Mpaka wa shamba haumo katika dosie yake. Mpigaji anafungwa, anatoka, anakuta migomba ile ile na mpaka ule ule, na ndugu yake amekuwa adui. Wazee, wao, wanaweza kutembea shambani na kuonyesha mti uliopandwa na marehemu.

Tusisifu baraza pia kupita kiasi. Mara ngapi mbuzi imeliwa na wazee, na mwenye kuvunjika mkono akabaki na deni la hospitali? Mara ngapi bibi ao dada aliyepigwa ameambiwa anyamaze “juu ya heshima ya jamaa”? Na kama mtu amekufa, hakuna pombe inayoweza kufunika kaburi. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 153, inaruhusu matribinali kutumia desturi, mradi isipinge utaratibu wa watu wote na tabia njema. Na Tribinali ya Amani, ikihukumu kwa desturi, inaketi na waamuzi watatu, wawili wao wakiwa watu wenye kujua desturi ya mahali. Kwa hiyo njia hizi mbili si maadui.

Maoni yetu ni haya. Mkono uende hospitali kwanza, na karatasi ya munganga ichungwe. Kosa la mwili liachiwe sheria, hasa kama kuna kilema, kifo, ao mwenye kuumizwa ni mtu asiyekuwa na sauti katika baraza. Mpaka, urizi na matusi ya mbele ya watu viletwe kwa wazee, na wanawake wa ukoo wakiwa wameketi ndani, si nje ya mlango. Na yale yatakayokubaliwa yaandikwe, maana mashahidi wanakufa. Tribinali inaweza kumaliza mashitaka bila kumaliza ugomvi. Baraza inaweza kumaliza ugomvi bila kulipa jeraha. Jamaa inayochagua moja tu itarudi shambani kupigana tena, na safari hiyo watakaoshika mpini ni watoto.