Vilima vya Wafu, Amana ya Walio Hai

Miaka ipatayo 5,000 iliyopita, mvua zilipopungua na maji ya Ziwa Turkana kurudi nyuma, wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walianza kuwazika wafu wao pamoja. Huko Lothagam Kaskazini nchini Kenya, magharibi mwa ziwa, walichimba shimo kubwa na kwa karne kadhaa wakazika humo watu wanaokadiriwa kufikia 580. Mwishowe walilifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo. Wake kwa waume, wazee na watoto wachanga walilala mahali pamoja, wakiwa na shanga za mawe ya rangi na za maganda ya mayai ya mbuni. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 haukuona dalili ya tabaka la watukufu. Kumbe watu waliweza kujenga kitu kikubwa pasipo mfalme wa kuwaamuru.

Kwingine vilima vya kuzikia wafu vina habari tofauti. Newgrange nchini Ireland, kilichojengwa yapata mwaka 3200 KK, hupokea miale ya jua la asubuhi hadi chumba cha ndani katika siku fupi kabisa za mwaka. Huko Bahrain, watu wa ustaarabu wa kale wa Dilmun walijenga maelfu ya vilima vya makaburi kati ya mwaka 2200 na 1750 KK, na vile vya kifalme vilivyoko A'ali vilivipita vingine vyote kwa ukubwa.

Vilima hivi vilistahimili mvua na upepo, lakini mkono wa mtu umeviumiza zaidi. Mlango wa Newgrange ulionekana mwaka 1699, vibarua walipokuwa wakichukua mawe yake. Huko Bahrain, nyumba na barabara zimefuta vilima vingi. Sheria ilichelewa: ya Uingereza, iliyotawala Ireland wakati huo, ilitungwa mwaka 1882 na kuitaja Newgrange. Bahrain ilipata hadhi ya Urithi wa Dunia kwa vilima 11,774 mwaka 2019.

Kenya ina sheria ya mwaka 2006, inayotaka kila ugunduzi wa mambo ya kale uripotiwe. Lakini tukumbuke kilichofichua usawa wa Lothagam: ni mahali ulipokaa kila mfupa na kila ushanga. Anayefukua kutafuta mali huvuruga mpangilio huo, na hakuna mahakama iwezayo kuurudisha. Kwa hiyo ulinzi uanze kabla ya jembe na tingatinga: maeneo yachorwe kwenye ramani za kaunti, na wenyeji wanaoishi jirani nayo wafundishwe, waajiriwe na kusikilizwa.